Si Huyu

Lita arobaini. Nayavuta kwa mkokoteni
kutoka kioski cha maji hadi huku juu kilimani,
dumu likigongana na dumu juu ya barafu,
na kabla sijafika yamekwisha kugawanywa:
chai, supu ya mzazi, uso wa mama mkwe.
Yatakayosalia ndiyo ya beseni.

Sijawahi kufua kitu kidogo hivi.
Mikono yangu ni ya mgodini, Nalaikh;
kuchani mna weusi
ambao sabuni ya mche imeshindana nao
hadi ikaukubali kama ulivyo.
Fulana nzima inaenea kiganjani.
Soksi nimeivalisha kidole gumba,
nikakichezesha, nikacheka peke yangu,
kisha nikageuka kumtazama Oyunbileg.
Amelala. Mtoto amelala.
Jiko tu ndilo lililoniona.

"Usizianike nje," asema mama Dulmaa.
Kweli. Nje kuna moshi wa kila hema na kila bomba la jirani,
makaa niliyoyachimba kwa jasho
yakirudi nyumbani kwa njia ya angani,
yakitafuta kitu cheupe cha kukalia.
Na baridi ile: nepi ukiitundika
dakika tano inakuwa ubao,
ukiikunja inavunjika.

"Tena usiku usisahau kambani hata uzi.
Wako wapitao. Wananusa maziwa."

Basi nimefunga kamba humu humu ndani,
kutoka mti wa paa hadi mti wa paa,
ile miti ya rangi ya chungwa niliyoipaka mwaka tuliooana,
na sasa hema zima linatoa jasho.
Matone yananidondokea shingoni.
Ninapita nimeinama, kama mgeni,
chini ya mikono mifupi isiyo na watu.

Nimeziacha zote zikauke,
nikabaki na hii moja.

Ilikaa sandukuni miaka minne
chini ya joho la harusi.
Ilivaliwa siku kumi na moja.
Sikujua kama Oyunbileg aliiweka. Sikuuliza.
Leo asubuhi nimeikuta juu ya fungu, imekunjwa,
kama mtu aliyekaa foleni bila kusema neno.

Kwenye ukosi kuna doa.
La manjano, dogo, kama ukucha.
Maziwa.

Nimesugua mara moja, kwa nguvu,
kwa sababu ndivyo mtu anavyosugua doa.
Mara ya pili, polepole.
Mara ya tatu nilikuwa nayashika maji tu.
Halikutoka.
Nikashusha pumzi, na mama Dulmaa,
ambaye hukosoa hata ninavyokunja taulo,
akalitazama, akanitazama,
akaongeza makaa jikoni.

Huyu tumemwita Enebish.
Ni jina la kupotezea njia.
Anayekuja kubisha usiku akiuliza,
"Yupo hapa yule mtoto?"
jina lenyewe limjibu mlangoni: si huyu.
Naye aende zake, na upepo wake, na daftari lake.

Yule wa kwanza tulimpa jina zuri mno.

Fulana imekauka saa nane za usiku.
Nimeipasha moto tumboni kwangu, chini ya sweta,
nikamvisha: mkono, halafu mkono, halafu kile kichwa kizito.
Imemkaa. Inambana kidogo kwapani,
kwa sababu huyu ni mnene.
Huyu ana wiki tano.

Akanyonya, akashiba, nikamweka begani,
nikampiga mgongoni kama nilivyofundishwa,
akacheua.
Kwenye ukosi. Pale pale.

Oyunbileg akaona. Akafunika mdomo kwa kiganja,
na mabega yakaanza kumtetemeka,
na sikujua ni kicheko au ni kile kingine
mpaka akasema,
"Haya, fundi. Beseni hilo."

Dumu ni tupu.
Kioski hufunguliwa saa mbili.
Nimekwisha kuvaa kofia.